Bomu la Atomu Mbele ya Mizani ya Haki (Sehemu ya Pili): Nani Aliamua, na kwa Hoja Gani?

Juma lililopita tuliyafuata mawe ya urani kutoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, hadi ghala la Staten Island mjini New York, kisha hadi viwanda vya Oak Ridge, ambako ilipatikana urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima. Tuliishia alfajiri ya tarehe 16 Julai 1945, katika jangwa la New Mexico, bomu la kwanza la majaribio lilipolipuka. Leo tunaingia penye ugomvi wenyewe. Silaha ilikwisha kuwapo. Je, ilikuwa halali kuitumia juu ya miji ya watu? Na hata tukiuweka uhalali kando kwa muda, je, ilikuwa lazima?

Jibu ambalo wengi wetu tulifundishwa shuleni ni fupi. Wajapani walikataa kushindwa, Marekani ingelazimika kuivamia nchi yao, askari milioni moja wangekufa, basi bomu likawaokoa. Jibu hili lina mwenyewe na lina tarehe. Lilitolewa katika jarida la Harper's la Februari 1947 na Henry Stimson, aliyekuwa Waziri wa Vita wa Marekani wakati bomu linaangushwa. Agosti 1946, miezi michache kabla, jarida la The New Yorker lilikuwa limetenga toleo zima kwa simulizi moja tu ya John Hersey, habari za watu sita walionusurika Hiroshima. Wamarekani waliokuwa wamezoea kuliona bomu lile kutoka angani wakaliona kutoka chini. James Conant, rais wa Chuo Kikuu cha Harvard na mmoja wa washauri wakuu wa mradi wa bomu, akaingiwa na hofu kwamba wakosoaji ndio watakaoandika historia. Akamhimiza Stimson ajibu, na kijana mmoja, McGeorge Bundy, akamsaidia kuandaa makala. Kwa karibu miaka ishirini watu wengi waliyachukua maneno yake kuwa ndiyo habari kamili.

Tuanze na ile idadi. Stimson hakusema wafu milioni moja. Alisema aliarifiwa kwamba uvamizi ungeweza kuyagharimu majeshi ya Marekani zaidi ya watu milioni moja, waliokufa na waliojeruhiwa pamoja. Habari ilivyopita kinywa hadi kinywa, majeruhi nao wakazikwa. Lakini hata milioni hiyo ya wafu na majeruhi haionekani katika hesabu alizopewa Rais Harry Truman alipokutana na wakuu wa majeshi tarehe 18 Juni 1945. Jenerali George Marshall aliwaambia kwamba katika siku 30 za mwanzo kwenye kisiwa cha Kyushu hasara isingepita ile ya kukitwaa kisiwa cha Luzon, yaani watu 31,000, wafu, majeruhi na waliopotea wote. Siku chache kabla, kamati ya wapangaji wa vita ilikuwa imekadiria wafu wapatao 40,000 kwa kampeni yote ya kuitwaa Kyushu ya kusini na kisha uwanda wa Tokyo.

Watu 40,000 nao wana mama zao, na sipendi mtu aichukue tofauti hii ya hesabu kama rungu. Wala makadirio yale hayakuwa maandiko matakatifu. Vita vya Okinawa, vilivyokwisha mwezi huohuo wa Juni, viliua Wamarekani wapatao 12,500, askari wa Japani karibu 100,000, na raia wa kisiwa kile kwa makumi ya maelfu. Mawasiliano ya siri yaliyonaswa mwezi Julai na mwanzoni mwa Agosti yalionyesha kwamba Wajapani walikwisha kubashiri mahali ambapo Wamarekani wangeshukia, nao walikuwa wakirundika Kyushu zaidi ya nusu milioni ya askari. Uvamizi uliopangwa kuanza tarehe 1 Novemba ungekuwa machinjo kwa pande zote mbili. Anayelilaani bomu bila kulitazama jambo hili usoni hajamaliza kazi yake.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuisikiliza hoja hii kwa makini. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vijana wa Keya, jeshi la wakoloni Waingereza, kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ilipigana na Wajapani katika bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, mvua za msimu zikinyesha bila kupoa na malaria ikiwaangusha, mpaka Desemba ikavuka mto Chindwin pale Kalewa. Askari aliyeishi ndani ya matope yale asingehitaji mwanafalsafa wa kumwambia kama afurahi au asifurahi vita vilipokwisha ghafla. Mwandishi Mmarekani Paul Fussell alisema hivyohivyo kwa niaba ya wenzake. Alikuwa luteni wa askari wa miguu, alijeruhiwa Ufaransa, na alikuwa katika kikosi kilichotarajiwa kupelekwa Japani. Mwaka 1981 alichapisha insha ya kumshukuru Mungu kwa bomu la atomu, akiwataka wanaolaumu waseme kwanza wao wenyewe walikuwa wapi wakati ule. Naiheshimu hoja ya Fussell kwa sababu imetoka kwa mtu aliyekuwa na roho mkononi. Hata hivyo inatueleza alichojisikia askari. Haituelezi kama kulikuwa na njia nyingine.

Na hapo ndipo makala ya Stimson inapompotosha msomaji, kwa kumpa mambo mawili tu ya kuchagua, bomu au uvamizi. Washington yenyewe ilikuwa na mengi zaidi mezani.

Kulikuwa na mzingiro. Nyambizi zilikwisha kuizamisha sehemu kubwa ya meli za biashara za Japani, na tangu Machi 1945 ndege zilikuwa zikitega mabomu ya baharini katika bandari zake. Makamanda kadhaa wa majini na wa anga waliamini kwamba kisiwa kisicho na mafuta wala chakula kingesalimu amri chenyewe. Mwaka 1946 tume ya Marekani iliyochunguza matokeo ya mashambulizi ya anga iliandika kwamba Japani ingejisalimisha kabla ya mwisho wa 1945, na yamkini kabla ya 1 Novemba, hata pasipo bomu, hata pasipo Warusi kuingia vitani, hata pasipo uvamizi. Wanahistoria wengi leo wanaona tume ile ilijiamini mno. Mimi naongeza kwamba mzingiro ni jina jingine la njaa, na njaa huanza na watoto na wazee. Anayeupendekeza mzingiro kama njia safi hajafikiri vya kutosha.

Njia iliyoniumiza kichwa zaidi kila nilipoirudia habari hii ni nyingine, nayo ni suala la Mfalme Hirohito. Majeshi ya ushirika yalikuwa yakidai Japani ijisalimishe bila masharti yoyote. Joseph Grew, aliyekuwa balozi wa Marekani mjini Tokyo kwa miaka kumi na ambaye wakati huo alikuwa akikaimu uwaziri wa mambo ya nje, alikwenda kwa Truman mwishoni mwa Mei na kumwambia kwamba kizuizi kikubwa kwa Wajapani ni hofu ya kuona ufalme wao ukifutwa na Mfalme akinyongwa. Waahidini kubaki na ufalme, akasema, na wale wanaotaka amani ndani ya Tokyo watapata pa kusimamia. Stimson mwenyewe alikubaliana naye. Rasimu ya tangazo la kuitaka Japani ijisalimishe, ambalo lingetolewa mjini Potsdam, Ujerumani, ilikuwa na maneno yanayoruhusu ufalme wa kikatiba chini ya ukoo uleule. Maneno hayo yakakatwa. James Byrnes, waziri mpya wa mambo ya nje, aliogopa wananchi wa Marekani wangeyaona kuwa ni kumbembeleza adui aliyeishambulia Pearl Harbor. Tangazo lilipotoka tarehe 26 Julai halikutaja Mfalme, halikutaja bomu, wala halikusema kwamba Warusi wako njiani.

Wakati huohuo Wamarekani walikuwa wakisoma simu za siri za Wajapani. Tarehe 12 Julai Waziri wa Mambo ya Nje wa Japani, Togo Shigenori, alimwandikia balozi wake Moscow, Sato Naotake, kwamba Mfalme anataka vita viishe, na kwamba kinachozuia ni lile dai la kujisalimisha bila masharti. Wanaompinga Truman huishia hapo, wakasema Japani ilikwisha kuomba amani. Haikuwa hivyo. Simu zilizofuata zinaonyesha Sato, mtu mkweli kuliko mabwana zake, akiwaomba waseme waziwazi wanataka nini. Alipodokeza kwamba pengine kuulinda ufalme kungetosha, Togo hakulipokea hilo. Serikali ya Tokyo haikuwahi kupeleka pendekezo lolote lililo kamili. Ilikuwa ikimtegemea Stalin awe msuluhishi bila kujua kwamba tangu Februari, katika mkutano wa Yalta, Stalin alikwisha kuahidi kuipiga Japani miezi miwili au mitatu baada ya Ujerumani kuanguka.

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba ahadi juu ya Mfalme ingevimaliza vita Julai. Ninachosema ni kwamba haikujaribiwa. Na uchungu wake uko katika yaliyofuata: tarehe 10 Agosti, baada ya miji miwili kuteketea, Japani ilikubali tangazo la Potsdam kwa sharti moja, kwamba haki za Mfalme zisiguswe. Byrnes akajibu kwa maneno yaliyomwacha Mfalme chini ya kamanda wa majeshi ya ushirika bila kumwondoa. Hirohito alibaki kwenye kiti chake hadi alipofariki mwaka 1989. Kilichokataliwa Julai kikakubaliwa Agosti.

Kuna njia ya tatu iliyozungumzwa, na hiyo ilitoka kwa wanasayansi. James Franck na wenzake wa Chicago waliandika ripoti ya tarehe 11 Juni 1945 wakitaka bomu lionyeshwe kwanza mahali pasipo watu, mbele ya mashahidi wa mataifa. Leo Szilard, yuleyule aliyemfanya Einstein amwandikie Rais Roosevelt mwaka 1939, alikusanya sahihi za wanasayansi wapatao 70. Lakini jopo la Robert Oppenheimer, Enrico Fermi, Ernest Lawrence na Arthur Compton liliamua tarehe 16 Juni kwamba halioni onyesho lolote linaloweza kuvimaliza vita. Huenda bomu lisilipuke, na Wajapani wakacheka. Huenda wakawapeleka mateka wa vita mahali palipotajwa. Na mabomu yenyewe yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole. Hoja hizi si za kipuuzi. Kinachonisumbua ni kwamba jambo zito kiasi hiki lilijadiliwa kwa muda mfupi, kama shauri la kiufundi, na watu ambao tayari walikuwa wamepewa kazi ya kulikamilisha bomu.

Ndugu msomaji, ukitaka kujua kwa nini lilionekana kuwa shauri la kiufundi, rudi nyuma kidogo. Tarehe 1 Septemba 1939, siku Ujerumani ilipoivamia Poland, Rais Franklin Roosevelt aliyaandikia mataifa yaliyokuwa yakiingia vitani akiyasihi yasiwapige raia mabomu kutoka angani, na akakiita kitendo hicho unyama. Alimaanisha alichosema. Wajapani walikuwa wakiipiga miji ya China tangu 1937. Kisha Wajerumani wakaipiga Warsaw, Rotterdam na London. Waingereza wakajibu kwa kuteketeza Hamburg mwaka 1943, na Dresden ikateketea Februari 1945. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi 1945, ndege za B-29 chini ya Jenerali Curtis LeMay zilimwaga mabomu ya moto juu ya vitongoji vya mbao vya Tokyo mashariki. Watu wapatao 100,000 walikufa usiku mmoja, wengine wakichemka ndani ya mifereji walikokimbilia. Baada ya hapo zaidi ya miji 60 ya Japani ilichomwa kwa zamu. Hakuna baraza lolote lililokaa Washington likatangaza kwamba sasa raia ni shabaha halali. Kila hatua iliifuata iliyotangulia, na kila moja ilionekana ndogo kwa kuwa iliyopita ilikuwa imekwisha kuzoeleka. Karibu miaka sita baada ya barua ya Roosevelt, kamati ya serikali hiyohiyo ilikuwa ikitafuta mji wa kuangusha bomu la atomu, na moja ya sifa zilizotakiwa ni kwamba uwe haujachomwa bado, ili athari ya bomu ionekane vizuri.

Kamati hiyo ya shabaha ilikutana mwezi Mei. Kyoto ilikuwa juu kabisa katika orodha. Stimson, aliyewahi kuutembelea mji ule na kuujua kuwa makao ya kale ya utamaduni wa Japani, aliukata, na Jenerali Leslie Groves, mkuu wa mradi, alipojaribu kuurudisha akaukata tena. Kwa hiyo Kyoto ilisalimika kwa sababu mtu mmoja mwenye mamlaka aliipenda. Hiroshima haikuwa na mtu wake Washington. Tarehe 31 Mei kamati nyingine, iliyoongozwa na Stimson, ilikubaliana kwamba pasitolewe onyo, na kwamba shabaha iliyo bora ni kiwanda muhimu cha vita chenye wafanyakazi wengi na kilichozungukwa kwa karibu na nyumba zao. Aliyependekeza shabaha ya namna hiyo alikuwa Conant, ambaye baadaye angemhimiza Stimson aandike makala ile ya Harper's. Nimeyasoma maazimio yale mara nyingi, na sijaona namna ya kuyasoma ambayo inaziondoa nyumba zile ndani ya shabaha.

Mtu mmoja ndani ya kamati hiyo alijitenga na uamuzi. Ralph Bard, naibu waziri wa jeshi la majini, aliandika tarehe 27 Juni akitaka Japani ionywe siku mbili tatu kabla. Waraka wake haukubadilisha kitu.

Katika shajara yake ya tarehe 25 Julai Truman aliandika kwamba amemwagiza Stimson bomu litumike juu ya shabaha za kijeshi, askari na mabaharia, wala si wanawake na watoto. Tarehe 9 Agosti, kwenye redio, aliiita Hiroshima kambi ya kijeshi. Kweli palikuwa na makao makuu ya Jeshi Kuu la Pili na askari wapatao 40,000. Lakini rubani Paul Tibbets na wenzake ndani ya ndege ya Enola Gay walipewa daraja la Aioi, katikati ya mji, kuwa alama ya kulengea. Saa 2:15 asubuhi ya tarehe 6 Agosti bomu likalipuka karibu mita 600 juu ya hospitali ya Shima. Asubuhi ile maelfu ya wanafunzi wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, walikuwa nje, wakibomoa nyumba ili kufungua njia za kuzuia moto kama mji ungechomwa. Wengi wao walikufa wakiwa na zana mikononi. Walikufa pia Wakorea kwa maelfu, watu wa nchi iliyotawaliwa na Japani, wengi wao wakiwa wameletwa kufanya kazi. Hadi mwisho wa 1945 waliokufa Hiroshima kwa mlipuko, moto na mionzi walifikia watu 140,000 hivi. Sijui kama Truman alijidanganya au alidanganywa. Ila shajara ile inaonyesha kwamba alijua ni kitu gani kisingeweza kutetewa.

Sasa tuje kwenye swali la mkakati: je, bomu ndilo lililoishinda Japani? Mwaka 1965 mwanahistoria Gar Alperovitz alidai kwamba lilirushwa hasa ili kumtisha Stalin. Wachache leo wanakubali kwamba hiyo ndiyo sababu kuu, ingawa wengi wanakiri kwamba Byrnes na wenzake waliliona kuwa faida ya ziada. Mjadala mzito zaidi ni wa Tsuyoshi Hasegawa, aliyesoma nyaraka za Kijapani, Kirusi na Kiingereza pamoja, na kitabu chake kikatoka mwaka 2005. Kwake yeye, kilichowavunja nguvu watawala wa Tokyo ni Warusi. Muungano wa Kisovieti ulitangaza vita tarehe 8 Agosti na kuingia Manchuria usiku huohuo. Tegemeo la mwisho la usuluhishi likafa, na mpango wa kupigana Kyushu ukapoteza maana, kwani adui mwingine alikuwa akija kutoka kaskazini. Wapinzani wake, Richard Frank na Sadao Asada miongoni mwao, wanajibu kwamba tarehe 8, kabla Warusi hawajaingia, Togo alikwenda ikulu na Mfalme akamwambia vita vikomeshwe mapema iwezekanavyo.

Asubuhi ya tarehe 9 Baraza Kuu la Vita lilikutana, watu sita. Waziri Mkuu Suzuki, Togo na Yonai wa jeshi la majini walitaka sharti moja tu, la Mfalme. Waziri wa Jeshi Anami na wakuu wa majeshi Umezu na Toyoda walitaka manne: nchi isikaliwe na majeshi ya kigeni, wajinyang'anye silaha wenyewe, na wawahukumu wahalifu wao wenyewe, pamoja na hilo la Mfalme. Hiroshima ilikwisha kuteketea, Warusi walikwisha kuingia, na bado kura zilikuwa tatu kwa tatu. Usiku wa manane ndipo Hirohito alipokata shauri. Katika hotuba yake ya redio ya tarehe 15, kwa wananchi, alilitaja bomu jipya. Katika tamko kwa askari wake siku mbili baadaye, aliwataja Warusi na bomu hakulitaja. Naona alikuwa akilipa kila kundi sababu ambayo lingeweza kuimeza. Yonai alimwambia mwenzake kwamba bomu na Warusi wote wawili walikuwa zawadi kutoka mbinguni, kwa sababu viliwapa wapenda amani kisingizio cha kuacha vita bila kukiri kwamba wananchi wamechoka. Kwa maoni yangu kuvitenganisha viwili hivi haiwezekani. Anayesema bomu halikufanya kitu amekosea sawasawa na anayesema bomu peke yake lilitosha.

Nagasaki ni habari nyingine. Amri ya tarehe 25 Julai, iliyoandaliwa na Groves na kupelekwa kwa Jenerali Carl Spaatz, ilisema bomu la kwanza liangushwe kuanzia tarehe 3 Agosti hivi, na mengine yafuate kadiri yatakavyokuwa tayari. Kwa maneno mengine, bomu la pili halikuhitaji uamuzi wa pili. Lilipangiwa tarehe 11, likasogezwa hadi tarehe 9 kwa sababu utabiri wa hali ya hewa ulikuwa mbaya. Hakuna aliyeuliza kama siku tatu zinaitosha serikali iliyovunjikavunjika kujua nini kimeipata Hiroshima, kutuma wataalamu, na kukutana. Ndege ya Charles Sweeney ilikwenda kwanza Kokura, ikakuta mawingu na moshi, ikageukia Nagasaki mafuta yakipungua. Saa 5:02 asubuhi bomu la plutoniamu likalipuka juu ya bonde la Urakami, mbali na mahali palipolengwa, karibu na kanisa kuu la Wakatoliki ambao mababu zao waliitunza imani kwa siri karne mbili na zaidi. Watu kiasi cha 74,000 walikufa hadi mwisho wa mwaka. Habari ya mlipuko ililikuta Baraza Kuu la Vita likiwa tayari limekaa kuzungumzia kujisalimisha, na haikuhamisha kura hata moja. Hapa ndipo hata mtetezi wa Hiroshima hubanwa, na sijakutana na hoja ya kumwokoa. Kesho yake Truman aliamuru kwamba lisiangushwe bomu jingine bila idhini yake, na akawaambia mawaziri wake kwamba wazo la kuwafuta watu wengine laki moja, watoto wote wale, linatisha mno.

Lipo jambo moja ambalo wapinzani wa bomu hulikwepa, nami sitalikwepa. Kila mwezi vita vilivyoendelea, watu walikuwa wakifa China, Java, Burma, Ufilipino na Vietnam chini ya utawala wa Japani. Katika Vietnam ya kaskazini njaa ya 1944 na 1945, iliyochangiwa na unyang'anyi wa mpunga, iliua watu kwa mamia ya maelfu, na wengine wanakadiria hadi milioni mbili. Familia za wafu hao haziwezi kuambiwa kwamba kungoja kulikuwa bure. Mtu akiniambia bomu liliharakisha mwisho kwa wiki kadhaa na wiki hizo zilikuwa maisha ya Waasia wengi, namsikiliza kwa heshima.

Lakini swali la haki halijibiwi kwa kujumlisha na kutoa. Mwaka 1956 Chuo Kikuu cha Oxford kilipotaka kumpa Truman shahada ya heshima, mwanafalsafa Elizabeth Anscombe alisimama kuipinga. Hakuwa mpinga vita vyote, wala hakusema kwamba raia hawafi katika vita vya haki. Alitofautisha kifo cha raia aliyekuwa karibu na kiwanda kinachopigwa, na kifo cha raia ambacho ndicho chenyewe kinachotafutwa ili serikali yake itishike. Hicho cha pili, alisema, ni uuaji, na hesabu ya waliookolewa haikibadilishi jina. Akaongeza kwamba chanzo cha balaa ni dai la kujisalimisha bila masharti, kwa kuwa ndilo lililoufanya uvamizi uonekane wa lazima. Mwaka 1977 Michael Walzer alifika pale pale kwa njia yake. Nakubaliana nao. Kama mtoto wa miaka kumi na miwili anayebeba mbao za nyumba iliyobomolewa ni shabaha halali kwa sababu kifo chake kitamshtua Waziri Anami, basi sioni ni mtoto gani wa nchi gani aliye salama mbele ya jenerali mwenye hesabu nzuri. Wajapani nao walikuwa na hesabu zao walipowachinja watu wa Nanjing, China.

Hayo ni maoni ya wanafalsafa na yangu. Mahakama nayo imesema. Mwaka 1955 Wajapani watano walioathiriwa na mabomu waliishtaki serikali yao wenyewe mjini Tokyo, wakidai fidia kwa sababu katika mkataba wa amani wa San Francisco wa mwaka 1951 iliyaacha madai yote ya raia wake dhidi ya Marekani. Tarehe 7 Desemba 1963 Mahakama ya Wilaya ya Tokyo ilitamka kwamba kuangusha mabomu yale juu ya Hiroshima na Nagasaki kulivunja sheria ya kimataifa ya wakati ule, kisha ikawaambia walalamikaji kwamba hawana haki ya kulipwa. Juma lijalo tutaisoma hukumu hiyo pamoja na maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya The Hague ya mwaka 1996 kuhusu silaha za nyuklia, ambapo majaji 14 waligawanyika saba kwa saba na kura ya rais wao ikaamua.